Watakaosimama Nyuma ya Mama Mpano

Karatasi za kura hazipo, na wazazi wengi kalamu inawapiga chenga, kwa hiyo shule ile ya kando ya barabara ya Mulongwe huchagua wajumbe wa kamati ya wazazi kwa miguu. Wagombea wanasimama wakitazama ukuta wa darasa la sita, pua karibu na matofali, mgongo kwa watu. Wazazi wanapanga foleni nyuma ya wanayemtaka. Mgombea akigeuka kabla ya filimbi ya mwisho, jina lake linafutwa. Eti ni ili asimkodolee mtu macho wala asimwekee kinyongo. Aliyetunga sheria hiyo bila shaka hakuwahi kufukuzwa na mtu mwenye bunduki. Angejua kwamba kumsimamisha mtu mgongo wazi, watu wakihangaika kimya kimya nyuma yake, ni adhabu kubwa kuliko kiboko.

Nyiramahoro aliwahi kufukuzwa. Ndiyo maana alipoambiwa jinsi uchaguzi unavyofanyika, nusura afute jina lake mwenyewe.

Huko Bibokoboko, milimani, alikuwa mwalimu wa darasa la tano kwa miaka tisa. Si mwalimu wa kujivuna; alikuwa wa kukohoa chaki, wa kukagua kucha, wa kumrudisha mtoto nyumbani akalete kaka yake aliyejificha na ng'ombe ili asije kusoma. Kila mwisho wa mwaka aliandika biltini za wanafunzi, ripoti zao za mwaka, kwa mkono wake, alama kwa alama, akazifungia kwenye kabati la bati ofisini. Siku nyumba zilipochomwa, shule nayo ilichomwa, na kabati lile likaungua na kila kilichokuwamo. Yeye na mumewe Sebatware waliteremka hadi Baraka na binti yao Mpano, sufuria moja, na Biblia ya mama mkwe. Ng'ombe hawakuteremka.

Baraka iliwapokea jinsi mji wowote uliochoka unavyowapokea watu. Wapo waliowapa muhogo na wapo waliowapa kisogo. Sebatware, aliyekuwa na ng'ombe ishirini na wawili na majina yao yote kichwani, sasa alifyatua matofali ya watu wengine. Mkewe alilima shamba la kukodi pamoja na wakimbizi wa Burundi waliotoka kambini. Sokoni alizoea kuita vitu kwa Kiswahili tu, sauti ya chini. Lugha ya nyumbani ilibaki nyumbani. Hakuna aliyewakataza, waliona tu jinsi vichwa vinavyogeuka.

Mpano alikuwa na miaka kumi na minne na bado yuko darasa la sita. Mwaka uliopita hakuandikishwa kwenye mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, kwa sababu orodha ya watahiniwa inataka biltini ya darasa la tano, na biltini yake ilikuwa majivu. Mwaka huu wako kumi na tisa wa namna hiyo: kumi na mmoja wa milimani, sita wa kambini, na wawili wa hapa hapa ambao nyumba zao zilichukuliwa na maji ziwa lilipofurika. Mpano alikuwa amesema wazi kwamba akikosa tena, harudi. Alilisema hilo huku akiosha vyombo, bila kulia, na mama yake akaogopa kuliko ambavyo angeogopa machozi.

Nyiramahoro alimwendea direkta wa shule, mtu mpole aitwaye Henri ambaye huvaa tai hata siku ya kupanda miti. Alimweleza kwamba yeye ndiye aliyeziandika biltini hizo. Akamtajia alama za mmoja mmoja wa wale kumi na mmoja: hesabu, Kifaransa, usomaji, hata mwenendo. Direkta alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

“Mama Mpano, mi nakuamini,” alisema. “Lakini kichwa yako haina kashe.”

Kashe ni muhuri, na muhuri ulikuwa umeungua na kabati. Hata hivyo, direkta hakumwacha mikono mitupu. Alimweleza kwamba kamati ya wazazi ikipiga kura kuwapima watoto wale na kutia sahihi, naye ataipeleka orodha yao kwenye ofisi ya elimu huko Fizi. Tatizo, wajumbe walikuwa wanne, wawili wanataka, wawili hawataki. Mjumbe wa tano alikuwa amehamia Lulimba kutafuta dhahabu na hakuaga. Kiti chake kilitakiwa kijazwe Jumanne, na orodha ilifungwa Ijumaa.

Ndivyo mwanamke aliyekuwa akitembea kando kando ya barabara ili asionekane alivyojikuta mgombea.

Mpinzani wake alikuwa Roger, fundi mwashi, baba wa watoto sita, mtu mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya pili ya soko. Tusimwonee: hakuwa mtu mbaya. Miaka miwili iliyopita shule ilipeleka majina ya watoto ambao hawakuwahi kukanyaga darasani, darasa zima likafutiwa mtihani, na mwanawe alikuwa mmoja wao. Tangu siku hiyo Roger alikuwa na dini mbili, ya kanisani na ya karatasi. Kwenye mkutano wa wazazi alisema mtoto asiye na biltini angoje mpaka aipate. Nyiramahoro alipopewa zamu yake, alishika dawati kwanza.

“Mutoto asiulizwe karatasi,” alisema. “Mumupe chaki aandike. Mumupe kitabu asome. Akishindwa, mi mwenyewe nitamurudisha darasa ya tano.”

Alisema pia kwamba shule haikujengwa ili ilinde kabati, na hapo akina mama kadhaa wakacheka na kupiga makofi. Aliposikia makofi, alifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha akamwona mwanamume mmoja amesimama nje ya ua wa matete, kofia imeshuka hadi nyusi, simu juu, anapiga picha. Si mzazi. Hakuna aliyemjua, au kama yupo aliyemjua, hakusema.

Siku tatu baadaye mtu huyo huyo, au mwingine wa kofia kama ile, alimsimamisha Sebatware njiani akitoka kwenye matofali. Hakumtukana. Alimsalimia kwa heshima, akamuuliza habari za watoto, kisha akamwambia kwa upole: “Bibi yako anatafuta kiti. Tutaangalia nani na nani beko nyuma yake.” Akapanda pikipiki, akaenda zake.

Sebatware aliyaleta maneno hayo nyumbani kama yalivyo, bila kuongeza chumvi. Mkewe alijua vizuri jinsi mambo yanavyoanza. Hayaanzi na risasi. Yanaanza na mtu anayeuliza nani ni nani. Na foleni ile ya Jumanne ingekuwa nini, kama si jibu lililopangwa kwa mstari mnyoofu, mchana kweupe, kila mtu na sura yake?

Alitaka kujiondoa. Akamtazama Mpano akipiga pasi sketi ya shule kwa makaa, akashindwa. Basi akatafuta njia ya katikati, na huko katikati ndiko alikojikwaa.

Jumapili, ibada ilipomalizika, aliwakusanya wazazi wa milimani nyuma ya kanisa. Walikuwa kumi na wanne pamoja na mumewe. Aliwaeleza yaliyosemwa njiani, akawaomba wamsikilize kwa makini.

“Siku ya uchaguzi, musisimame nyuma yangu. Mutu hata mumoja. Hata wewe, Papa Mpano.”

Walibisha. Umulisa, mjane kijana mwenye mtoto mchanga mgongoni na mwingine darasa la sita, aliuliza atashindaje bila watu wake. Nyiramahoro akamjibu kwamba amepiga hesabu: watu wa kambini watatosha, na akina mama waliopiga makofi watatosha. Wao wabaki pembeni tu. Alikuwa akifikiria chaguzi za kanisani kwao milimani, ambako asiyetaka kuonyesha upande wake hubaki ameketi kwenye majani na hakuna anayemuuliza. Wote walikuwa wakifikiria hivyo hivyo. Wakakubali, wakaomba pamoja, wakatawanyika wawili wawili.

Jumanne saa nne ya asubuhi Nyiramahoro alisimama mbele ya ukuta. Kulia kwake, hatua sita hivi, alisimama Roger, akinukia sabuni na saruji. Nyuma yao wazazi tisini na mmoja walikuwa wameshaandikwa majina mlangoni, na mzazi ambaye hakufika, mtoto wake alitumwa nyumbani kumwita. Direkta Henri alitangaza masharti kwa sauti yake ya upole. Kila aliyeandikwa mlangoni lazima aonekane kwenye foleni moja kati ya mbili, ili hesabu zilingane na Fizi wasiseme shule imeiba kura. Hakuna kukaa. Hakuna kubaki pembeni.

Nyiramahoro aliposikia sharti hilo alipiga hesabu upya. Alikuwa amefundisha kutoa na kujumlisha kwa miaka tisa, na hakuwa ameliona: kumi na wanne aliowakataza kusimama nyuma yake hawakuwa na pengine pa kwenda ila nyuma ya Roger. Alitaka kugeuka awaambie. Lakini kugeuka ni kufutwa, na kufutwa ni Mpano kurudi kwenye vyombo. Akabana meno, akabaki na ukuta wake.

Filimbi ya kwanza ikalia, miguu ikaanza.

Hakuna mtu aliyesema neno, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Ilikuwa ni kandambili, mabuti ya mvua, nyayo tupu, kitoto kikikohoa. Hatua zikaja upande wake, zikasita, zikaondoka. Nyingine zikaja na kusimama karibu sana hadi akasikia pumzi kwenye shingo. Kila unywele wa mwili wake ulisimama. Mara ya mwisho kusikia miguu mingi nyuma yake namna ile alikuwa akikimbia kwenye mahindi amemshika Mpano mkono, na shemeji yake aliyekuwa nyuma yake hakufika upande wa pili wa shamba. Jasho lilimshuka hadi kiunoni. Alihesabu matofali. Alisema sala aliyoanza nayo siku zote kisha akasahau katikati. Nani huyu anayepumua? Kama ni wa kofia je? Alijiambia kwamba hapa ni shuleni, ni asubuhi, watoto wako madirishani. Halafu akakumbuka kwamba shule yake nayo ilikuwa na madirisha.

Filimbi ya pili. Wagombea wakageuka.

Aliyekuwa akimpumulia shingoni alikuwa Arlette, muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, ambaye mwanawe alikuwa mmoja wa wale wawili wa hapa hapa. Arlette alizaliwa Makobola. Mwaka wa tisini na nane alikuwa na umri wa miaka saba, na kati ya watu tisa wa nyumba yao alibaki yeye na bibi yake tu. Kila mtu mjini anajua maana ya Makobola, kwamba waasi walioua huko walisemwa kuwa na vijana wa milimani, na anajua kwamba jina hilo halitajwi mbele ya mtu wa milimani bila watu kutazama chini. Wanawake hao wawili hawakuwahi kusemezana zaidi ya bei ya ndagala. Na huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Nyuma yake alisimama Claver, mkulima wa kambini, kofia mkononi, kisha wakimbizi wenzake, kisha akina mama wa mtaa mmoja mmoja hadi kwenye mti wa msonobari.

Kwenye foleni ya Roger, karibu na mwisho, walikuwa watu wake. Wote kumi na wanne. Sebatware alikuwa anatazama ardhi. Umulisa alikuwa amejifunika kitenge hadi machoni. Baba wawili ambao watoto wao walikuwa kati ya wale kumi na mmoja walisimama nyuma ya mtu anayetaka watoto hao wangoje, kwa sababu mwalimu wao aliwaomba.

Nje ya ua simu ilikuwa juu. Ilikuwa ikitembea polepole kutoka uso hadi uso, kwenye foleni ya Nyiramahoro tu.

Direkta alihesabu kwa kugusa mabega. Nyuma ya Roger, arobaini na wanane. Nyuma ya Nyiramahoro, arobaini na watatu. Foleni ya Roger ikaanza kunong'ona. Lakini kuna desturi nyingine pale, ya zamani kuliko direkta mwenyewe: kabla ya kuandika, anauliza mara tatu kama kuna anayetaka kuhama, maana watu wengine hufuata umati na kujuta wakiona hesabu.

“Iko mutu anataka kuhama?” aliuliza mara ya kwanza.

Hakuna aliyetikisika. Nyiramahoro alimtazama mumewe kwa nguvu zote, na Sebatware, kwa utii uliomkera mkewe kuliko uasi wowote, aliendelea kutazama ardhi. Direkta aliuliza mara ya pili. Watatu tu wangetosha. Moyo wake ulikuwa ukisema mambo mawili kwa wakati mmoja: waite, waache. Akaona aibu kwamba wa kuwaacha ulikuwa na sauti kubwa zaidi. Bora mtoto asiye na cheti kuliko mume asiyerudi. Nani angemlaumu?

Ndipo Arlette akasema, si kwa hasira wala kwa kelele, karibu na sikio lake:

“Mama Mpano, sisi tuko hapa, banatuona. Batu yako beko fasi gani?”

Nyiramahoro alikufa ganzi: watu wake wako wapi? Alikuwa amewaficha watu wake nyuma ya watu wengine, na hakuwahi kujiuliza hao wengine wana migongo ya nini. Arobaini na watatu walikuwa wamesimama mbele ya simu ile tangu filimbi ya kwanza. Hakuna aliyewakusanya nyuma ya kanisa kuwaonya. Claver, aliyekwisha kukimbia nchi moja, alikuwa bado ameshika kofia yake kifuani, uso wote nje. Na Arlette hakuwa amemuuliza swali la kura. Alikuwa ameuliza kama wao ndio wa kupotea.

Direkta alifungua mdomo kuuliza mara ya tatu.

Nyiramahoro alikusudia kusema “Papa Mpano”, kwa Kiswahili, kistaarabu. Hofu haikumpa nafasi ya kuchagua. Jina lilimtoka zima, na neno la nyumbani likafuata, kwa sauti aliyokuwa akiwaitia watoto waliojificha na ng'ombe.

“Sebatware, ngwino.”

Njoo. Kila mtu uani alilisikia, na kila mtu alijua ni lugha gani. Vichwa viligeuka vyote, na simu ikageuka.

Sebatware aliinua macho.  Kisha akatoka kwenye foleni, akavuka zile hatua sita za uwanja ambazo zilionekana kama shamba zima, akapita foleni yote ya mkewe hadi mwisho, akasimama nyuma ya mama wa mwisho. Umulisa akafuata, amefunua kitenge. Akafuata mmoja wa wale baba wawili, kisha wengine, bila haraka. Wakawa tisa. Watano walibaki walipokuwa, wakilia au wakitazama pembeni, na Nyiramahoro hakuwahesabia kosa. Angeweza kuwa mmoja wao, na nusura awe.

Hesabu ya pili ilikuwa hamsini na wawili kwa thelathini na tisa. Direkta aliiandika, akaipiga kashe, na madirishani watoto wakapiga kelele mpaka mwalimu akagonga ubao. Alhamisi watoto kumi na tisa wangepewa chaki na kitabu. Mpano alikuwa amesimama dirishani bila kupiga kelele, mikono yote miwili mdomoni.

Roger alikuja kumpa mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na mzito, naye aliushikilia zaidi ya kawaida, akaishusha ile sauti yake kubwa hadi ikawa mnong'ono.

“Mama, ile telefone, si mimi niliituma,” alisema. “Na mi sijui ni ya nani.”

Hapo Nyiramahoro akajua kwamba kwa wiki nzima alikuwa akijifariji kwa uongo. Alikuwa amejiambia kwamba kofia ile ni ya Roger, ni vitisho vya uchaguzi tu, vitakwisha uchaguzi ukiisha. Alitazama ua. Matete yalikuwa yamelazwa mahali palipokuwa na mtu, na mtu hakuwapo tena.

Aliingia ofisini akatia sahihi ya mjumbe wa tano mahali alipoonyeshwa. Alipotoka, watu wake walikuwa wanamngojea uwanjani. Aliwahesabu: tisa. Arlette alikuwa bado hapo, akimfunga mwanawe kifungo cha shati. Claver alikuwa anawapanga wenzake wa kambini waondoke pamoja. Akina mama hawakuwa wametawanyika. Walisimama vikundi vikundi, wakiongea chini chini, wakitupa macho barabarani. Nyiramahoro akaanza kuhesabu upya, na safari hii hakuona pa kukomea. Asubuhi alikuwa akiwaogopea watu kumi na wanne. Sasa walikuwa hamsini na wawili pamoja na watano waliobaki, na huko barabarani, upande ambao wote wangepita kwenda kwao, pikipiki ilikuwa inawashwa.